Kamati Zipo: Majibu kwa Wanaotuambia Tutulie

Akitokea mtu akadai kwamba wananchi wa kata yetu ya Kibirizi, Kigoma, wapewe nafasi ya kuzikagua kwa pamoja huduma za afya, za ustawi wa jamii na za wenye mahitaji maalum, majibu anayopewa ni yaleyale. Mengine hutoka ofisini, mengine kijiweni, na mengine hutoka kwa watu wema kabisa ambao wamechoka tu na vikao. Nayachukua moja moja. Hayana uzito sawa, kwa hiyo sitayapa nafasi sawa.

La kwanza ndilo zito: "Kamati zipo tayari, mnataka nini tena?"

Zipo, tena tele. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, wajumbe wake wakitoka kwa wananchi wanaohudumiwa na mganga mfawidhi akiwa katibu. Halmashauri ina Bodi ya Afya. Shule ina kamati ya shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, iliagiza kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaani na kijijini hadi mkoani. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, ulileta kamati za ulinzi mtaani, kwenye kata na kwenye halmashauri. Wazee wana mabaraza yao. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, nao una kamati yake ya jamii. Juu ya hizo zote, baraza la madiwani la Manispaa ya Kigoma/Ujiji lina kamati ya kudumu inayobeba uchumi, afya na elimu kwa mkupuo. Siku zikiitwa zote kwa pamoja, sijui kama viti vya ofisi ya kata vitatosha.

Shida ni kwamba kila kamati imepewa mlango wake wa kulinda, na mtu mwenye mahitaji makubwa haishi kwenye mlango mmoja. Mchukue mtoto wa mfano, wala usimtafute mtaani. Ana miaka minane, ana mtindio wa ubongo na kifafa, anaishi na mama yake anayeanika dagaa mwaloni. Mtoto huyu anahitaji dawa ya kifafa kila mwezi bila kukosa. Anahitaji mazoezi tiba, ambayo kwa hapa kwetu maana yake ni kupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Anahitaji kiti mwendo kinachomtosha mwili, si cha mtu mzima kilichotolewa mbele ya kamera. Anahitaji shule yenye mwalimu aliyesomea elimu maalum, na choo ambacho kiti kinaingia. Mama yake anahitaji nauli, na pengine jina kwenye orodha ya kaya maskini.

Sasa tuseme dawa ya kifafa imekosekana zahanati kwa wiki sita. Mtoto anaanza kuanguka mara kwa mara. Mama anaacha kumpeleka shule, maana nani atamwangalia akianguka darasani? Kliniki ya mazoezi inampita, kwa sababu pesa ya bodaboda imekwenda kununua dawa duka la dawa. Tuseme jina la mama limo kwenye orodha ya TASAF: siku ya malipo hatokei. Yuko nyumbani na mtoto aliyeanguka usiku kucha. Fungua madaftari sasa. Kwenye rejesta ya shule mtoto ni mtoro. Kwenye daftari la kliniki hajahudhuria. Kwenye orodha ya malipo mlengwa hakuonekana. Na kwenye taarifa ya zahanati inayosomwa mbele ya kamati ya usimamizi, upatikanaji wa dawa muhimu umeandikwa kwa asilimia, na asilimia yenyewe inapendeza, kwa sababu dawa ya malaria ipo, ya minyoo ipo, ya kuharisha ipo.

Kila kamati imefanya kazi yake. Hakuna mjumbe aliyelala. Lakini chanzo kilikuwa kimoja, chupa ya vidonge isiyokuwepo rafuni, na hakuna kikao hata kimoja ambacho taarifa zile nne zilikutana juu ya meza moja. Ndiyo maana nasema hoja ya "kamati zipo" inajibu swali ambalo hatukuuliza. Hatukuuliza kama macho yapo. Tumeuliza nani anaangalia pale ambapo huduma moja inatakiwa ipokezane mtu na nyingine.

Huko juu nako mgawanyo ndio huohuo. Januari 2022 wizara iliyokuwa imebeba afya, maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto iligawanywa ikawa wizara mbili. Masuala ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Elimu ya msingi inaendeshwa chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ukishuka halmashauri unakuta kitu cha kutia moyo: afya, ustawi wa jamii na lishe vimewekwa idara moja. Lakini afisa wa elimu maalum anakaa upande wa elimu, mafaili yake ni mengine na bosi wake ni mwingine. Na Maweni, ambako ndiko mazoezi tiba yaliko, ilitoka mikononi mwa TAMISEMI enzi za Rais Magufuli pamoja na hospitali zote za rufaa za mikoa, ikahamia Wizara ya Afya. Diwani wa Kibirizi anaweza kuihoji zahanati hadi jasho limtoke mfawidhi; Maweni hana kifungu cha kuihoji. Anachoweza ni kuomba.

Wala serikali yenyewe si ngeni kwa tatizo hili. MTAKUWWA ilipoanza mwaka wa fedha 2017/18 ilikusanya mipango kazi minane iliyokuwa ikienda kila mmoja na njia yake, ikaifanya mmoja, na kamati zilizokuwa zikigongana mitaani zikaunganishwa. Lililowezekana kwa ukatili linashindikana vipi kwa ulemavu, ugonjwa wa muda mrefu na uzee?

"Afya ni kazi ya wataalamu." Hili husemwa kwa sauti ya upole, kama mtu anayekuondolea mzigo. Na lina ukweli wake: hakuna anayetaka mwenyekiti wa mtaa apange dozi ya mtoto. Lakini usimamizi haukuwahi kuwa utabibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia akaunti ya halmashauri na kukawia huko. Kituo kinaandaa mpango wake, kinanunua, kinaandika hesabu zake kwenye mfumo. Kamati ya wananchi ndiyo inayotakiwa kuupitisha mpango na kuzipokea hesabu. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kusoma safu mbili za namba na mwenye ujasiri wa kuuliza swali la tatu.

Nenda kwenye ubao wa matangazo wa kituo chochote kinachofuata utaratibu, utaikuta karatasi yenyewe: mapokezi upande huu, matumizi upande ule, muhuri chini kulia, kona moja imeanza kubanduka. Mstari wa dawa na vifaa tiba utauona. Mstari wa usafi utauona, na wa posho pia. Ambacho hutakiona kwa urahisi ni fedha iliyokwenda kwa mtu asiyeweza kufika kituoni: mzee aliyelala kitandani, mama mwenye ulemavu wa viungo anayehitaji kitanda cha kujifungulia kinachoshuka, kijana kiziwi anayehitaji mtu wa lugha ya alama ili asiambiwe majibu ya vipimo vyake kupitia mdomo wa jirani. Kuliona pengo hilo kwenye karatasi hakuhitaji shahada ya udaktari. Mfanyabiashara wa dagaa anayejua gunia lililopungua kwa kulinyanyua tu ataliona kabla ya mhasibu.

Tena watu hawa wameshaaminiwa kwa makubwa zaidi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinaorodhesha vyombo, vinakagua nyavu, vinakaa na maofisa wa serikali. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu mwalo ulikaa kimya, na kazi ya kuwaeleza watu kwa nini, kusikiliza matusi yao na bado kusimamia katazo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wakazi wenyewe wa mwambaoni. Aliyeweza kumzuia jirani yake asiingie ziwani watoto wakiwa wanangoja chakula anaweza kumuuliza mfawidhi kwa nini vidonge vya kifafa havikuagizwa.

"Basi watu wenyewe hawaji mikutanoni." Hapa ningependa tuwe wakweli pande zote mbili. Ni kweli hawaji. Lakini tazama mkutano unaitwa lini. Barua ya mtendaji inasema saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi katika siku za giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku kucha, wanaume wa Kibirizi wametoka ziwani muda si mrefu na wamelala. Wanawake wako mwaloni: mzigo umeshuka alfajiri, jua limeanza kuwaka, dagaa wametandazwa mchangani na juu ya vichanja, na wasipogeuzwa kwa wakati bei yao inaanguka kabla ya jioni. Unamwita mama huyu kwenye mkutano wa kusomewa mapato na matumizi, halafu unaandika kwenye muhtasari kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa hafifu.

Mbalamwezi ikiwa kamili uvuvi wa taa hupoa, vyombo hupandishwa, nyavu hushonwa, na mwambao mzima huwa na watu wenye muda. Kila mtoto wa Kibirizi anaijua kalenda hiyo. Haigharimu shilingi kuhamisha mkutano ukafuata mwezi angani badala ya ratiba ya ofisi. Na kama wanaohitajiwa ni watu wenye ulemavu wenyewe, basi kuna la ziada: ukumbi usio na ngazi, mkalimani wa lugha ya alama, na mtu wa kumsindikiza asiyeona. Kikao cha kamati ya watu wenye ulemavu kilichofanyika ghorofani kimeshajisomea muhtasari wake.

Wapo wanaosema: "Wenye mahitaji hayo ni wachache, tusiendeshe kata nzima kwa ajili yao." Sensa ya 2022 iliuliza watu wa kuanzia miaka 7 kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Nchi nzima asilimia 11.2 walionekana kuwa na ulemavu, zaidi ya mtu mmoja katika kila tisa. Kwenye sensa ya 2012 ilikuwa 9.3. Sasa hesabu watu tisa waliokaa kwenye boti moja ya kwenda Gombe. Na hapo hatujawaongeza walio chini ya miaka saba, ambao ndio wangefaidika zaidi na huduma ya mapema: mwenye mguu kifundo anayeweza kunyooshwa kwa plasta akiwa mchanga, mwenye kichwa kikubwa na mgongo wazi anayehitaji kufikishwa kwa daktari wa upasuaji upesi. Wachache wanaoonekana na wachache waliopo si kitu kimoja. Mtoto aliyefungiwa chumba cha uani haingii kwenye macho ya mtu, na hatafutwi kwa sababu orodha ya mtaa inaanza na waliokuja wenyewe kujiandikisha.

Mkoa wetu una mfano unaouma. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kanda ya ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto walikimbiziwa mahali pa usalama, na hapa Kigoma shule ya Kabanga, Kasulu, ikawa kimbilio. Ilikuwa hatua ya lazima. Aliyeichukua aliokoa maisha. Ila hatua ya dharura iligeuka makazi. Mtoto mwenye ualbino anahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: mafuta ya kukinga ngozi na kofia, maana saratani ya ngozi inamvizia maisha yake yote, darasa linalojua kwamba uoni wake ni hafifu, akaketi mbele na akapewa maandishi makubwa, na ulinzi, pamoja na mtu wa ustawi wa jamii anayefuatilia kama nyumbani kuko salama kurudi. Ngozi ni ya afya, darasa ni la elimu, ulinzi ni wa ustawi na polisi. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikitengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu hawa, kwa hiyo hata utaalamu wa ndani ya nchi upo. Kilichokosekana ni jirani mwenye mamlaka ya kuuliza kila robo mwaka: mtoto wetu aliyepelekwa Kasulu anaendeleaje, na anarudi lini?

"Hakuna hela." Fupi tu: hoja ya kukagua ina maana zaidi hela zikiwa chache kuliko zikiwa nyingi. Na hela zilizopo zina historia. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Nchi nzima ilisubiri Mkaguzi Mkuu atoke Dodoma kuja kueleza kwamba kikundi fulani hakipo, jambo ambalo mtaa husika ulikuwa ukilijua tangu siku ya kwanza. Niongeze na hili: ile asilimia 2 ni mkopo. Mara ngapi tumesikia halmashauri ikijibu swali la huduma kwa watu wenye ulemavu kwa kutaja mikopo? Mtu anauliza habari ya kiti mwendo, anajibiwa habari ya kufuga kuku.

"Wazee wanatibiwa bure, sera ipo." Sera ipo kweli, na imetamka msamaha kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Bango la mzee kwanza nalo lipo ukutani. Kumuona daktari bure na kuondoka na karatasi ya kwenda kununua dawa mtaani, je, tunaliita bure? Mzee mwenye kisukari na presha anajua jibu. Tuendelee.

Kuna hoja ambayo watu wa Kigoma mjini huisema wakitazama boti zinazotia nanga Kibirizi: "Hao wengine si wa kwetu." Boti hizo zinatoka Mwamgongo, zinatoka Kagunga mpakani, zinaleta mikungu ya ndizi, wanafunzi, wagonjwa. Vijiji hivyo viko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Mchanga wanaoukanyaga wakishuka ni wa Manispaa. Hospitali wanayoiendea ni ya Wizara. Mgonjwa mmoja, safari moja, mamlaka tatu, na kila mamlaka ikiulizwa juu ya mama aliyejifungulia botini itakuonyesha mwenzake kwa kidole. Kwenye vikao vya Manispaa hatajwi kwa sababu si mkazi. Kwenye vikao vya Wilaya tukio halikutokea kwao.

Ningedhani 2015 ilitufundisha. Wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga mwezi Mei, MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma kwa mafungu, na wengi wakapokewa kwanza uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilikuja nao au kiliwakuta, hilo waachiwe wataalamu. Wagonjwa walipita 3,000, na wenyeji nao walikufa. Maji ya ziwa hayakuuliza mtu ni wa halmashauri gani. Kamati ya kata inayokaa kwenye mwalo wa abiria haiwezi kufumba macho kwa wanaopita. Kwa Kibirizi wapitaji ni sehemu ya wakazi wake, wanabadilika majina tu.

Halafu ile inayotolewa kwa kunong'ona: "Huo uwazi mnaoutaka ni siasa za upinzani." Inatoka mbali kidogo. Mwaka 2016 Kigoma/Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani kuanzisha majaribio ya Mpango wa Serikali Wazi. Tulikuwa kwenye orodha moja na Paris, Madrid, Seoul, Buenos Aires na Elgeyo Marakwet ya jirani zetu Kenya. Mwisho wa reli, kwenye orodha ya Paris! Baraza la madiwani la wakati huo liliongozwa na chama cha upinzani, ACT-Wazalendo. Juni 2017 Tanzania, iliyokuwa imejiunga na mpango huo 2011 chini ya serikali ya CCM, ilijitoa, na Kigoma/Ujiji ikalazimika kutoka nayo.

Tangu hapo, ukitamka uwazi mbele ya baadhi ya watu wanakutazama kadi ya mfukoni. Ila waangalie sheria zilizobaki mezani baada ya mpango kuondoka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto katika eneo lake. Katiba, ibara ya 145 na 146, inaweka serikali za mitaa na kusema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Zote zilipita Bunge lenye wabunge wengi wa chama tawala. Wenyeviti wa mitaa waliopatikana kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 hawahitaji mpango wowote kutoka nje ili kubandika idadi ya watoto wenye ulemavu walioandikishwa shule na idadi ya walioacha. Karatasi, gundi na nia.

"Hakuna nchi inayofanya hivyo." Wapo wanaofanya, na si kwa sababu walikuwa wazuri. Uingereza, kwa upande wa England, tangu 2016 wakaguzi wa elimu wa Ofsted na wakaguzi wa afya na matunzo wa CQC hutembelea eneo kwa pamoja na kulikagua eneo zima: shule, kliniki, ofisi ya ustawi, na jinsi zinavyopokezana mtoto mwenye mahitaji maalum. Maeneo mengi yalianguka katika mtihani huo na kutakiwa kuandika yatarekebisha nini. Wana fedha ambazo sisi hatuna, madaktari ambao sisi hatuna, na bado walipokagua eneo zima waliukuta udhaifu kwenye makabidhiano. Nchi tajiri ikivuja pale, maskini ataponea wapi?

Nasi tuna mlango wa kuanzia usiohitaji sheria mpya. Kamati ya Maendeleo ya Kata ina diwani kama mwenyekiti, mtendaji wa kata kama katibu, na wenyeviti wote wa mitaa ndani yake. Inaruhusiwa kualika. Iwaite kwa siku moja, kila robo mwaka, mfawidhi, mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii, afisa elimu maalum, mwakilishi wa kamati ya watu wenye ulemavu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa wa mwisho ndio ufunguo. Mpango wao mpya uliozinduliwa Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, mtu wa Kigoma mwenyewe, ulilenga kufundisha wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, na umeitwa jumuishi kwa sababu mtu mmoja anabeba afya, lishe na ustawi wa jamii nyumba kwa nyumba. Huyo ndiye anayejua chumba cha uani kina nani. Majina ya wagonjwa yasisomwe kikaoni. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Zisomwe namba zilizowekwa pamoja: watoto wangapi wenye kifafa, wangapi walipata dawa miezi yote mitatu, wangapi kati yao wako shuleni. Maweni ialikwe kwa barua. Isipokuja, barua na kutokuja kwake viandikwe kwenye muhtasari.

Nakubali kinachosemwa juu ya posho. Wajumbe wa kamati hizi ni watu wanaoacha kazi kuja kukaa, na wengi hawalipwi hata nauli. Kikao kimoja cha pamoja badala ya vitano vya kupishana kinapunguza gharama hiyo, lakini hakiifuti. Anayetaka mama wa mwaloni akague hesabu za kituo amlipe nusu siku yake, aiandike kwenye mpango, na ibandikwe ukutani pamoja na mengine.

Imebaki ile ya kiungwana kuliko zote: "Wazo zuri, tuliweke mwaka wa fedha ujao." Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa kituo hauandikwi Juni. Maoni ya mitaa hukusanywa miezi ya mwishoni mwa mwaka, vituo na shule huandaa mipango yao, halmashauri huijumlisha mwanzoni mwa mwaka, kisha inapanda mkoani na Bungeni. Mstari wa dawa za kifafa, wa mkalimani, wa posho ya kikao cha pamoja, usipokuwamo kwenye rasimu ya zahanati kufikia Desemba, hauna pa kuchomekwa tena. Anayetuambia tusubiri Julai, akiwa anasema hivyo mwezi wa Machi, anatupa tarehe ya miezi kumi na sita mbele.